Sunburst, na Swali la Vyombo ni vya Nani

Mimi ni mpiga besi. Nimezaliwa Kahama, Shinyanga, naishi Katoro mkoani Geita, na kinachonilisha ni kukodisha muziki: spika, amplifaya, mixa, maiki na jenereta moja ya Kichina inayokohoa kila ikiwashwa. Harusi, mikutano ya injili, kampeni, uzinduzi wa duka la simu, kote huko nimefunga nyaya. Gitaa lenyewe limebaki ukutani. Mke wangu huliita mke mwenza, na siku nikilishusha huuliza kama leo zamu si yake.

Vijana wanaokuja kukodi hunikuta mara nyingi nimeweka wimbo mmoja uitwao Banchikicha. Unaanza, gitaa linanguruma, kinanda kinaingia, drums zinakimbia mbele kama zimeiba kitu, halafu mtu anaimba. Wanauliza: “Mzee, hawa ni wa nchi gani?” Nikijibu kwamba ni bendi ya Dar es Salaam, ya miaka ya sabini, wanacheka. Kwao muziki wa zamani wa Tanzania ni mmoja tu, ule wa dansi unaopigwa redioni Jumapili wazee wakitikisa vichwa taratibu. Tanzania iliwahi kuwa na rock?

Ilikuwa nayo, kwa muda mfupi. Bendi iliitwa Sunburst. Iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970, na ndani yake walikuwamo watu waliotoka Tanzania, Zaire na Jamaica. Mwimbaji alikuwa James Mpungo, aliyekwisha kupata jina katika bendi ya The Rifters kwa kuimba nyimbo za soul za Kimarekani. Gitaa alipiga Hembi Flory Kongo, besi Bashir Idi Farhan, drums Johnny Rocks, kinanda Kassim Magati. Walitoa santuri ndefu moja tu, Ave Africa, mwaka 1976. Baada ya hapo bendi haikuendelea. Kwa miaka arobaini jina lao lilibaki kwa wazee waliowaona jukwaani na kwa wazungu wachache wanaokusanya santuri, hadi mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Uingereza ilipozikusanya kazi zao zote na kuzitoa upya, pamoja na nyimbo walizorekodi Radio Tanzania mwaka 1973 ambazo zilikuwa hazijapata kutolewa.

Kwa msomaji asiyejua tofauti, nieleze kidogo, maana hapa ndipo kazi yangu ilipo. Katika dansi letu magitaa yanasukana. Kuna solo, kuna rithim, pengine kuna la tatu katikati, na hakuna linalosimama peke yake. Wimbo unaanza polepole, mwimbaji anatoa kisa chake chote, ndoa imevunjika au mtoto hasikii, kisha inakuja sehemu ya chemko ambapo watu wanaamka vitini. Rock haingoji chemko. Inachukua kipande kifupi cha gitaa, inakirudiarudia hadi kinakuwa mlio wa kichwani mwako, tena gitaa limepitishwa kwenye kidude cha kulipasua sauti kiasi kwamba mtu asiyezoea atadhani spika imeungua. Mimi mwenyewe nimewahi kuitwa na mwenye ukumbi nikague spika, kumbe ni wimbo. Sunburst walichukua kelele hiyo wakaichanganya na ngoma za hapa, na wakaimba kwa Kiswahili na Kiingereza. Sikiliza Enzi za Utumwani halafu Simba Anguruma. Hawakuwa wanakopi. Besi ya Farhan inatembea kama ya mtu aliyelelewa kwenye ngoma, na hilo hulijui mpaka ujaribu kuipiga.

Sasa tuangalie walizaliwa wakati gani. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967. Umoja wa Vijana wa TANU ukaja na Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vikapigwa marufuku. Novemba mwaka huohuo ikafuata marufuku ya muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam. Wakubwa walisema unaharibu vijana, hasa wanafunzi waliokuwa wakijazana kwenye dansi za mchana. Hesabu mwenyewe: soul inafungiwa mwishoni mwa 1969, na mwaka 1970 inaanza bendi ambayo mwimbaji wake alijulikana kwa soul, na ambayo ikaja kuimba nyimbo zake yenyewe, za utumwa na za Afrika. Kwa macho yangu hiyo ni akili. Mlango wa kukopi Wamarekani ulipofungwa, walipita dirishani wakiwa wamebeba kitu chao, na hakuna ofisa ambaye angethubutu kusema wimbo wa kuulaani utumwa ni upotofu.

Lakini kuimba vizuri hakukutosha wakati ule, na hapa ndipo watu wengi wanaosimulia kuvunjika kwa bendi wanaponichosha. Utasikia waligombana, mmoja alilewa sifa, mwingine alichukuliwa na mwanamke. Hayo yapo katika kila bendi, zikiwamo zilizodumu miaka thelathini. Mimi huuliza jambo moja la kibiashara: vyombo vilikuwa vya nani?

Katika Tanzania ya Ujamaa jibu lilikuwa karibu moja. Vyombo vilikuwa vya shirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Bima Lee ya Shirika la Bima. Polisi walikuwa na bendi, Magereza walikuwa na bendi, JKT walikuwa na bendi. Mwanamuziki aliajiriwa kama karani, akapata mshahara mwisho wa mwezi. Gitaa halikuwa lake. Akitaka kuhama, aliacha gitaa mezani na kwenda na kidole chake tu. Sisemi ulikuwa utaratibu mbaya. Gitaa la umeme na amplifaya vilitoka ng'ambo, ng'ambo palihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilitolewa na Benki Kuu kwa kibali. Mtu binafsi aliyetaka kuagiza drums alikuwa anasimama foleni moja na dawa, mafuta na vipuri vya matrekta. Shirika la umma lilikuwa na pa kupitia.

Hili sisi wa Shinyanga tulilijua kwa njia yetu. Baba yangu mdogo alifanya kazi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi ambao John Williamson aligundua mwamba wake mwaka 1940. Kule kulikuwa na umeme, hospitali, nyumba za mabati na uwanja wa ndege wakati Kahama tunasomea kibatari. Almasi ya Mwadui ilikuwa inapelekwa Iringa kukatwa na kung'arishwa katika kiwanda cha umma kilichoitwa Tancut. Na Tancut, kama mashirika yote yenye heshima zake, katika miaka ya themanini kikawa na bendi: Tancut Almasi Orchestra. Walikuwamo ndugu mapacha kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, na alipitia humo pia John Kitime, mpiga gitaa ambaye sasa ndiye anayetuandikia historia ya muziki wetu. Baba mdogo alikuwa akisikia Tancut Almasi redioni anasema, “Mwanangu, unasikia hilo gitaa? Hilo ni jiwe langu.” Alikuwa mtu wa utani, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Mawe yalitoka kwetu, yakakatwa Iringa, yakauzwa nje, na sehemu ndogo ya pesa ikarudi katika umbo la gitaa na mapacha wa Kikongo wanaoimba kama mtu mmoja. Mashirika yalipoanza kuyumba na kuuzwa, bendi zake zikaondoka nayo. Hakuna aliyegombana na mtu.

Nikirudi kwa Sunburst, hawakuwa bendi ya wizara, wala ya jeshi, wala ya kiwanda. Walikuwa vijana wanaopiga wanachotaka. Uhuru huo ndio unaousikia kwenye rekodi zao, maana hakuna meneja utumishi ambaye angekubali gitaa lile. Ila uhuru huo ulikuwa na gharama. Tanzania ya wakati ule haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Studio ilikuwa ya Radio Tanzania, na redio ilirekodi kwa ajili ya redio: wimbo ulipigwa hewani nchi nzima, mpigaji akapata jina, tumbo likabaki vilevile. Aliyetaka santuri alitazama nje, na kwa wengi nje maana yake ilikuwa Nairobi. Halafu mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, ukakaa hivyo hadi 1983. Bendi ya shirika ingeweza kungoja, mshahara upo. Bendi isiyo ya mtu ingengoja na nini? Ave Africa ilitoka 1976. Hata kama wale watano wangependana kama mapacha wa Tancut, sioni njia ambayo ingewafikisha 1983.

Uliza Zambia uone. Wakati Sunburst wako Dar, jirani zetu walikuwa na kundi zima la bendi za rock: WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya, Ngozi Family. Muziki wao siku hizi unaitwa Zamrock. Kwa nini wao walikuwa wengi na sisi tulikuwa na bendi ya kuhesabu kwa kidole kimoja? Shaba. Miji kama Kitwe, Ndola na Chingola ilikuwa na mishahara ya migodini kila mwezi, umeme, baa, wageni wenye santuri za Ulaya, na maduka yenye magitaa. Rais Kaunda naye aliagiza redio ijae muziki wa Wazambia wenyewe, kwa hiyo aliyerekodi alisikika. Kisha katikati ya miaka ya sabini bei ya shaba ikaporomoka. Pesa ya kununua santuri ikakauka, kumbi zikafungwa mapema, na kuanzia miaka ya themanini UKIMWI ukawamaliza wengi waliosalia. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, aliyejiita Jagari kwa kumwiga Mick Jagger, aliishia kuwa mchimbaji mdogo wa vito. Mtu aliyekuwa akijaza viwanja aliingia shimoni na sururu.

Habari hiyo nilimsimulia kijana mmoja wa Rwamgasa aliyekuja kukodi spika, mchimbaji kamili, mikono bado ina vumbi la karasha. Hakushangaa hata kidogo. “Mzee, mbona ni kawaida,” akasema, “hapa kwetu mpiga kinanda wa kwaya anashuka duarani kila Jumatatu.” Duara ndilo shimo la kuchimbia dhahabu.

Na hapa kwetu basi, kwenye ukanda huu wa dhahabu, pesa zipo. Mgodi mkubwa wa Geita umekuwa ukizalisha tangu mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, Buzwagi ya Kahama ikaja 2009 na sasa imeshafungwa. Wachimbaji wadogo walikuwapo kabla ya hao wote na wapo hadi leo, Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa, Kakola. Mawe yakitoka, Katoro hailali. Mbona hatuna bendi?

Tulikuwa nayo. Nilipiga humo. Mwenye duara mmoja alipata mzigo mzuri, akapenda kuwa na bendi kama wengine wanavyopenda kuwa na timu ya mpira. Akanunua drums, magitaa mawili, besi, kinanda na amplifaya. Tulikuwa vijana watano na tulipiga kila kitu, dansi, reggae, na usiku wa manane tukishaona watu wamelewa tulipiga vitu vyetu, vya kelele, nikiwa na gitaa la besi limefunguliwa hadi mwisho. Watu walicheza. Mlevi hana kanuni za muziki, na kwa hilo nampenda. Kisha duara likaingia maji. Siku chache baadaye pikapu ikaja, vyombo vikapakiwa, vikauzwa Mwanza. Bendi ikaisha mchana mmoja tukiwa tumekaa kwenye benchi tunaangalia.

Ubaya ni kwamba sisi tulijua mgao. Katika duara kila mtu anajua mgao kabla ya kushuka: mwenye leseni ana viroba vyake vya mawe, mwenye duara vyake, wachimbaji vyao. Haki au si haki, idadi inajulikana na watu watasimama juu ya mawe wagawane mchana kweupe. Katika bendi yetu hakuna aliyewahi kutamka mgao. Tulipewa “ya soda”, tukalala palepale, tukala palepale. Wimbo tuliotunga ulikuwa wa nani? Jina la bendi lilikuwa la nani? Ukimwuliza mchimbaji swali kama hilo kuhusu kiroba atakuona mgeni. Ukimwuliza mwanamuziki, anakuona mkorofi.

Wengine wataniambia kwamba bendi za watu binafsi zilikuwapo Dar na zilidumu. Zilikuwapo. Lakini tazama zilivyoendeshwa. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake mwenyewe na kuwachukua wanamuziki wa bendi ya Mlimani Park, akiwamo Muhidini Maalim Gurumo na Abel Balthazar, kwa dau zuri. OSS mpya ikaitwa Ndekule, na ikatikisa kweli. Baada ya miaka michache nayo ikaondoka. Gurumo akarudi alikowahi kupiga zamani, kwenye bendi ya chama cha wafanyakazi. Mtu mwenye sauti ile, aliyeweza kwenda popote, alirudi pale ambapo vyombo havipakiwi kwenye pikapu.

Na katika Usukuma huu kuna vikundi ambavyo havijavunjika tangu babu wa babu zetu. Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma, kila kimoja kikijinasibu na manju wake wa kale, Ngika na Gumha. Hadi leo wakati wa sherehe za Bulabo pale Bujora wanakutana kushindana, huyu na chatu, huyu na majembe yanayorushwa hewani, kila upande unavuta watazamaji wake, na dawa nazo hazikosekani. Nimewahi kufunga spika kwenye mashindano ya namna hiyo vijijini na nikawauliza wazee: ngoma hizi ni za nani? Mzee mmoja alinitazama kwa huruma. Ngoma ni za kikundi. Kikundi kinalima. Vijana wanaocheza ndio haohao wanaokodishwa kulima shamba la mtu kwa wimbo, na malipo yanaingia kwa wote. Ningi, yaani mtunzi na mwimbaji mkuu, akiondoka, anaondoka na nyimbo zake, lakini ngoma inabaki na jembe linabaki. Sunburst hawakuwa na shamba. Sisi wa duara tulikuwa na mfadhili mmoja na pampu moja ya maji.

Wanamuziki wa Kisukuma wa siku hizi wamelitatua kwa njia nyingine kabisa. Bhudagala, kwa mfano, hahitaji bendi. Ana kinanda cha studio, ana kamera, ana simu za mashabiki kuanzia Bariadi hadi Chunya, na akija Katoro anajaza uwanja na watu wawili na flashi. Mimi nakodisha spika, nalipwa, naenda nyumbani. Biashara nzuri. Ila hakuna besi. Besi iko ndani ya kompyuta, na mtu aliyeitengeneza hatoki jasho.

Jagari wa Zambia alitoka shimoni. Santuri za WITCH zilipotolewa upya, vijana wa Ulaya na Marekani walizipenda, filamu ikatengenezwa juu yake, naye akarudi jukwaani na wapigaji ambao wengi wao ni vijana wasio Wazambia. Mwaka 2023 walitoa albamu mpya, Zango. Sunburst hawakupata mlango huo wa pili, au walipata nusu: santuri yao inauzwa London na Tokyo, na hapa Katoro inasikika kwenye spika zangu pekee.

Mwaka huu wamenijia vijana wanne. Wawili ni wachimbaji wa Mgusu, mmoja anauza vocha, mmoja ni binti anayepiga drums kanisani, na nawaambia anapiga. Wamesikia Sunburst hapahapa dukani na wanataka kelele ya namna ile kwa Kiswahili na Kisukuma. Wakaniomba niwe mlezi wa bendi, niwape vyombo, jina waweke la kwangu. Walidhani nitafurahi.

Nimewakatalia ulezi. Nimewaambia vyombo nitawakodisha kwa nusu bei siku za katikati ya wiki, na kila wakipata shoo waweke fungu pembeni, wanunue kimoja kimoja, waanze na besi kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Nimewapa daftari la kurasa themanini waandike mgao kabla hawajaandika wimbo hata mmoja. Binti wa drums ndiye aliyelichukua. Yule muuza vocha alinuna, akasema, “Mzee, sisi tumekuja kupiga muziki, wewe unatupeleka duarani.” Wiki iliyofuata walirudi kukodi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina manne na mstari chini yake, na walikuwa bado wanabishana jina la bendi lihesabiwe ni la nani.